Siku ya Kumpeleka Shangazi

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Mawingu yalikaa chini tangu alfajiri, manyunyu yakija na kukatika, na upepo ulikuwa na ubaridi wa kumfanya mtu afunge kifungo cha juu cha koti.

Siku hiyo Shangazi alitakiwa kupelekwa makumbusho, akae huko moja kwa moja.

Shangazi hakuwa ndugu wa mtu. Alikuwa lori la kubebea majeruhi, lililoundwa wakati wa vita kuu, lenye pua fupi, taa mbili zilizochomoza kama macho ya chura, na nyuma turubai la kijani lenye msalaba mwekundu ndani ya duara jeupe. Aliyempa jina alikuwa mwenye nyumba mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya mpaka akastaafu. "Ni kama shangazi," alikuwa akiwaambia wageni. "Amekuja bila taarifa, amechukua sehemu nzuri ya nyumba, anakula kabla ya watoto, na hakuna mwenye ubavu wa kumwuliza anaondoka lini."

Alimwokota kwenye uwanja wa kiwanda cha matofali kilichofungwa. Hakuwa na magurudumu. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha mbele, na injini ilikuwa imeng'olewa, imefungwa kwenye mbao, inavuta maji ya kulowanishia udongo. Dereva alimleta nyumbani vipande vipande, leo mlango, mwezi ujao ekseli. Binti yao wa pekee alikuwa anaanza shule wakati huo. Siku Shangazi alipoingia barabarani kwa nguvu zake mwenyewe, binti alikuwa ameshaolewa na kuhamia mji mwingine.

Mke wa Dereva walimwita Mama Turubai. Alishona maturubai ya malori na vibanda vya sokoni kwa cherehani nzito iliyokaa chumba cha mbele, na vidole vyake vilikuwa vigumu kama vya seremala. Turubai la kwanza la Shangazi alilishona amenuna, kwa sababu kitambaa kile kilikuwa cha mteja aliyekuwa anakuja kesho yake. Lile lilipochakaa, la pili alilishona bila kuombwa.

Dereva alifariki mvua za masika zilipoanza. Alishikwa na kifua asubuhi, akiwa amesimama uani na kikombe cha chai, na aliyempeleka hospitali alikuwa jirani mwenye pikapu ya kubebea kabichi. Shangazi alikuwa bandani, petroli imo, machela mbili zimo. Hakuna aliyemkumbuka. Baadaye watu walilisema hilo kwa kutikisa vichwa, na Mama Turubai alisikiliza kana kwamba anaelezwa habari za mtaa wa pili.

Tangu mazishi alikuwa na jibu moja kwa kila kitu. Walimwuliza jeneza liwe la mbao gani, alisema sawa, ikabidi waulize tena. Walisema nguo za marehemu zigawiwe. Alisema sawa, akasimama mlangoni akiangalia mashati yakiondoka mikononi mwa watu. Hakuwa amelia. Majirani walikuwa wakiteremsha sauti wanapofika hapo. Binti yake alikuwa akipiga simu kila jioni, na jioni moja alishindwa kujizuia.

"Mama, lia hata kidogo."

"Nikipata nafasi, mwanangu."

Hakuwa anafanya mzaha. Siku moja aliketi jikoni kwenye kigoda, akaweka mikono mapajani, akangoja kama mtu anayengoja chafya. Haikuja. Akainuka akaosha vyombo.

Kwa hiyo shemeji yake, mdogo wake Dereva, alipokuja kumwambia kwamba makumbusho wamefungua ukumbi mpya na wanamtaka Shangazi, alipata jibu kabla hajamaliza sentensi. Shemeji alikuwa msoma mita za maji, mtu mnene mwenye moyo mzuri, aliyezoea kubisha milango na kuingia na mzaha. Aliogopa kumwacha mjane peke yake na dude lile. Aliamini anamtua mzigo.

Aliyekuwa na la kusema alikuwa Welda. Huyu alikuwa mzee mchomelea vyuma, mwenye nyonga mbovu, katibu wa chama kidogo cha watu wenye magari ya zamani. Yeye mwenyewe alikuwa na pikipiki ya vita yenye kigari cha ubavuni. Alikuja siku ile ya mazungumzo akaketi kwenye kochi, fimbo katikati ya magoti.

"Makumbusho ni mahali pazuri," alisema. "Wataanza kwa kumkausha. Petroli nje, oili nje, maji nje, betri nje. Kisha watampandisha juu ya vyuma, matairi yasiguse sakafu. Mbele yake watafunga kamba."

"Na kibao chenye jina la kaka," alisema shemeji.

"Na kibao."

"Sasa ubaya uko wapi, mzee wangu?"

"Sijasema kuna ubaya. Nimesema atakauka. Gari la namna hii likikauka mwaka mmoja, mipira inapasuka, injini inashikana. Halirudi. Mtu asije kesho akasema amebadili mawazo." Akamgeukia mjane. "Mwenye kauli ni wewe, Mama Turubai."

Wote wawili wakamtazama. Alikuwa anakunja kipande cha kamba kidoleni, anakunjua, anakunja tena.

"Sawa," alisema.

*

Jumamosi hiyo, basi, walikusanyika uani. Welda alikuwa amekuja juzi yake kubadili petroli na kuchaji betri, ingawa kwa nyonga yake hakupanda ndani ya lori. Shemeji alivaa suti, kwa sababu mkurugenzi wa makumbusho angempa mkono na kungekuwa na picha. Yeye ndiye angeendesha. Mama Turubai alivaa koti la kazini juu ya gauni la kila siku na kusimama kando ya mlango wa banda.

Asubuhi za baridi Shangazi haamki kwa selfu. Lazima apigwe hendeli, chuma kile kinachochomekwa puani ili kuzungusha injini kwa mkono.

"Dole gumba lisiizunguke hendeli," Welda alionya. "Liweke upande mmoja na wenzake. Injini ikirusha nyuma na dole limekumbatia, utaondoka nalo mfukoni."

"Nimezaliwa nalo, nitarudi nalo," alisema shemeji, akavua koti la suti na kumpa shemejiye amshikie. Akazungusha. Shangazi alikohoa. Akazungusha tena, na mara hii injini ikashika, ikatoa moshi wa buluu, ikatulia kwenye mlio wake wa tuku-tuku-tuku, kama mtu anayepiga kelele za chini akiwa usingizini. Mbao za banda zikaanza kutetemeka. Mama Turubai aliusikia mtetemo ule kwenye nyayo. Alingoja uendelee kupanda mpaka mahali fulani ndani yake, lakini ulikomea magotini.

Shemeji akaondoa magogo yaliyozuia magurudumu, akapanda, akaingiza gia ya nyuma kwa kelele ya kutisha, akaachia klachi. Shangazi alichuchumaa na injini ikazimika.

Wakarudia. Ikazimika tena.

"Amegoma," alisema shemeji kutoka dirishani. "Namwelewa. Nani anapenda kwenda kuishi na wageni?"

Welda hakucheka. Alichechemea mpaka mlangoni, akaingiza kichwa, akaangalia chini kando ya kiti. Kisha akamgeukia Mama Turubai kana kwamba anauliza saa.

"Breki ya mkono imevutwa mpaka mwisho. Nani aliivuta?"

"Mimi."

"Lini?"

"Siku ya mazishi."

Kwa watu wa magari haya, hilo ni kosa ambalo hata mtoto wa fundi halifanyi. Lori la kale likilala bandani haliachwi na breki ya mkono. Linawekewa magogo mbele na nyuma ya magurudumu, na breki inaachwa wazi, maana kwenye unyevu vyuma vya ndani vinagandana na kuwa kitu kimoja. Dereva alikuwa na msemo wake, aliourudia kila walipotoka safari, akiwa anainama na magogo yake mawili ya mninga: "Breki ni ya njiani, gogo ni la nyumbani." Mama Turubai aliusikia mpaka akaacha kuusikia. Aliujua kuliko majina ya majirani.

Jioni ile ya mazishi watu walipokuwa wanakula uani, alikwenda bandani. Hakuwa na sababu. Alimkuta Shangazi amesimama gizani, na ikamjia kwamba kitu kizito namna ile kinashikwa na vipande viwili tu vya mti, na aliyekuwa akiviweka hayupo. Akapanda. Akaushika ule mkono wa chuma kwa mikono miwili, akauvuta mpaka ukalia. Kisha akashuka, akarudi kwa wageni, akaulizwa kama chakula kitatosha, akasema sawa. Mvua ilinyesha miezi miwili, na banda lile lilikuwa linavuja upande wa nyuma.

"Alijua, wala si kwamba hakujua," shemeji alimnong'oneza Welda, kama mtu anayetafuta msaada.

"Ndiyo maana sikumwuliza kwa nini," alisema Welda. "Tuletee maji ya moto, mama. Mengi."

Alileta sufuria mbili kubwa, akarudi kuleta tena. Waliachia breki, wakamwagia maji ya moto kwenye ngoma za breki za magurudumu ya nyuma, na Welda akaketi kwenye ndoo, mguu mbovu ameunyoosha, akawa anagonga kwa nyundo juu ya kipande cha mbao. Aligonga kwa taratibu, akizunguka ngoma, kama daktari anayegonga mgongo wa mgonjwa. Shemeji alipiga hendeli upya na kukaa kwenye usukani, mbele kidogo, nyuma kidogo. Suti yake ilikuwa na matope mpaka gotini. Mama Turubai alishika sufuria tupu.

Gurudumu la kushoto liliachia kwanza. La kulia lilikawia. Kisha likatoa mlio mmoja, kama benchi linalovunjika chini ya watu, na Shangazi akaruka nusu hatua nyuma.

Sufuria ilimponyoka Mama Turubai ikaanguka kwenye saruji. Alishtuka. Akainama, akaiokota.

"Haya," alisema Welda, akijiinua kwa fimbo. "Mgonjwa ameruhusiwa."

*

Mpaka mwisho wa uchochoro, shemeji alikuwa amezima injini mara nne, na kila alipobadili gia majirani walitoka kuangalia nani anakatwa.

"Unaendesha au unasaga mahindi?" Welda aliuliza kutoka kwenye pikipiki yake, aliyokuwa ameisogeza ubavuni mwa lori.

"Gia zake zina kiburi."

"Hazina kiburi. Zinataka adabu."

Gia za Shangazi hazikuwa na kile kitu cha magari ya siku hizi kinachomsaidia dereva. Kila badiliko lilitaka klachi mara mbili. Unakanyaga unatoa gia, unaachia, unakanyaga tena ndipo unaingiza, na hapo katikati mguu wa kulia unaipa injini mafuta kiasi, kwa kusikiliza. Ukikosea, chuma kinalia.

Mama Turubai alikuwa amekaa kiti cha abiria. Alisikia chuma kinalia, na kila kilipolia mguu wake wa kushoto uligonga sakafu pale ambapo klachi ingekuwa. Alikuwa hajui kama unagonga mpaka alipouangalia.

"Shuka," alisema.

Shemeji aligeuka. "Eti?"

"Shuka, uje huku. Kuna mvua, utazungusha waipa."

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi kumsikia akisema jambo refu namna hiyo, na pengine ndiyo maana alitii. Walizungukana mbele ya pua ya lori, yeye akijifuta jasho, mama akijifunga kitambaa cha kichwa upya.

Dereva alikuwa amemfundisha miaka ya nyuma, kwenye uwanja nyuma ya ghala la saruji, mahali ambapo hakuna cha kugonga. Hakumfundisha kwa maelezo mengi. Alimpa maneno matatu ya kusema kwa sauti: toka, pumua, ingia. Toka, gia inatoka. Pumua, mguu unaachia na injini inapewa hewa yake. Ingia. Mama Turubai aliyasema mpaka yakawa wimbo, na baada ya hapo aliendesha mara chache, tena siku Dereva alipokuwa na homa. Kazi yake ya kawaida ilikuwa upande wa abiria, kuzungusha waipa kwa mkono, maana waipa ya Shangazi haina mota. Ina kishikio kidogo ndani ya kioo, na abiria asiyekizungusha hana haki ya kulalamika kwamba haoni njia.

"Toka," alisema chini kwa chini. "Pumua. Ingia."

Gia iliingia kama kijiko kwenye uji.

Shemeji alishika kishikio cha waipa na kuanza kuzungusha kwa nguvu kupita kiasi, huku na huku, huku na huku.

"Pole pole. Utakinyofoa."

"Kaka alikuwa anakuachia kazi hii?"

"Ndiyo."

"Na mkono haukuchoka?"

"Ulichoka."

Barabara kubwa ilikuwa imelowa. Shangazi alikwenda kwa mwendo wake, nyuma yake foleni ya magari yenye haraka, na nyuma ya foleni pikipiki ya Welda ikitoa sauti ya kupasua kuni. Mbele ya duka la matairi mwanamume mmoja alivua kofia, labda kwa Shangazi, labda kukung'uta maji. Watu wawili walikimbilia chini ya paa la benki na mmoja akanyoosha simu kupiga picha. Mama Turubai aliyaona haya yote yakipita kwenye kioo kile cha mbele kilichonyooka, kila zungusho la waipa likiyafuta na kuyarudisha. Alingoja kusikia kitu. Usukani ulikuwa mzito. Klachi ilikuwa nzito zaidi. Harufu ya petroli na turubai lililolowa ilikuwa ile ile. Nyuma, machela zilikuwa zikigongana kwenye vishikio vyake, na hiyo nayo ilikuwa sauti ya zamani: Jumapili baada ya chakula Dereva alizoea kujilaza kwenye machela ya kulia, kofia usoni, akisema yeye ndiye majeruhi wa mwisho wa vita ile na hajapona.

"Watu wa makumbusho wamesema tusifike na petroli nyingi," alisema shemeji. "Kwa ajili ya usalama. Wana fundi atakayeitoa leo leo."

"Sawa."

"Na oili pia."

Mama Turubai alikuwa anaangalia barabara.

Geti la makumbusho lilikuwa katikati ya mlima, upande wa kushoto. Walilikuta wazi. Mlinzi alikuwa amesimama na mwavuli, na ndani, kwenye ngazi za ukumbi mpya, kulikuwa na watu wachache waliovaa vizuri. Mmoja alikuwa na tai ndefu. Kando ya ngazi ilionekana mitungi mitupu ya plastiki imepangwa ukutani, na mwanamume mwenye ovaroli amesimama karibu nayo, mpira wa kunyonyea mafuta begani.

Ili kukata kona ile lazima ushushe gia. Mama Turubai alikanyaga klachi.

"Toka," alisema.

Lori lilianza kupoteza kasi. Mlinzi aliinua mkono na kuwaonyesha waingie.

"Pumua."

Injini ikapanda sauti kidogo, kama ilivyotakiwa.

"Ingia."

Iliingia bila kelele. Shangazi akapata nguvu na kuanza kuvuta. Usukani ulikuwa mikononi mwa Mama Turubai, na mikono haikuugeuza. Hakuiambia isigeuze. Aliiona tu imekaa pale pale, kushoto na kulia, kama mikono ya mtu anayeendesha kwenda mbele. Mlinzi alipita dirishani na mwavuli wake, mkono ungali juu.

"Shemeji, geti," alisema aliyeshika waipa.

"Nimeliona."

"Limepita."

"Ndiyo."

Shemeji alizungusha waipa mara mbili tatu, ingawa manyunyu yalikuwa yamekatika.

"Tunaenda kugeuza huko juu?"

"Tunaenda kugeuza. Kisha tunateremka kwenda nyumbani."

"Nyumbani." Aligeuka kuangalia nyuma. "Mkurugenzi amevaa tai."

"Ataivua."

Huko juu kulikuwa na kituo cha mafuta. Aliingia, akazunguka pampu, akatoka. Walipopita tena mbele ya geti, watu wa ngazini walikuwa wameteremka mpaka barabarani, na mmoja alipiga makofi akidhani ni sehemu ya sherehe, kwamba Shangazi anaonyeshwa kwanza. Shemeji aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa tai yake mwenyewe.

*

Simu ya shemeji ilianza kulia kabla hawajafika uchochoroni. Aliipokea uani, akageukia ukuta, akasema ndiyo mkurugenzi, samahani mkurugenzi, nami sijaelewa mkurugenzi. Mwishowe akamnyooshea shemejiye ile simu kana kwamba inamchoma.

Mama Turubai aliiweka sikioni na kusikiliza kwa utulivu. Mtu wa upande wa pili alikuwa na adabu. Aliuliza kama gari limepata hitilafu, na kama wapange siku nyingine.

"Hapana," alisema.

Aliulizwa hapana ipi.

"Gari ni zima. Siku nyingine hapana. Samahani kwa usumbufu." Akarudisha simu.

Welda alikuwa ameshaegesha pikipiki yake. Alikuwa ameketi juu yake bado, mikono kwenye fimbo, maji yakimtiririka kwenye ukingo wa kofia.

"Nilidhani umelikosa geti," alisema.

"Sikulikosa."

Welda alitikisa kichwa kukubali.

Shemeji ndiye aliyekuwa na maswali, na alikuwa na haki nayo. Aliyatoa pale pale, akisimama kwenye dimbwi na viatu vya sherehe. Nani atamtunza? Banda linavuja. Mafuta yake ni bei ya chakula. Na yeye shemejiye atampanda peke yake, na miguu ile, na moyo ule? Ikitokea ameumia, ndugu watamwuliza nani?

"Mimi sikukatazi," alimalizia, sauti imeshuka. "Nauliza tu. Wewe ulisema sawa."

"Nilisema."

"Sasa?"

Mama Turubai aliangalia lori. Mshono mmoja wa turubai ulikuwa umefunguka pembeni, na uzi uliokatika ulikuwa unaning'inia.

"Sijui, shemeji," alisema. "Kila mlichoniuliza nilisema sawa kwa sababu hakuna kilichoniuma. Hata hili halikuniuma. Ila nilipoona ile mitungi, mikono ilikataa. Sina maelezo mengine."

Shemeji alikung'uta maji kwenye kiatu kimoja. Alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha ulikuwa umemwishia.

"Utakuja Jumapili moja moja?" aliuliza mama. "Waipa inataka mtu."

"Nitakuja," alisema, akiangalia suruali yake. "Suti hii nayo sasa ni ya banda."

Walimrudisha Shangazi mahali pake. Welda alitaka kuinama aweke magogo, nyonga ikamkatalia, kwa hiyo Mama Turubai aliinama mwenyewe. Aliyasukuma kwa kisigino mpaka yakakaza. Kisha akapanda, akahakikisha breki ya mkono iko chini kabisa, akashuka.

Jioni binti alipiga simu.

"Umempeleka, mama?"

"Tumempeleka, amerudi."

"Umelia?"

"Bado."

Baada ya hapo walizungumza kuhusu mjukuu, meno yake, na shule. Alipokuwa anaweka simu mezani ndipo alipogundua kwamba shavu la mguu wa kushoto linauma, kwa sababu ya ile klachi. Lilikuwa linauma kweli kweli, kutoka kifundoni mpaka nyuma ya goti. Kwenye kabati kulikuwa na dawa ya kuchua. Hakuichukua. Aliketi, akanyoosha mguu juu ya kigoda, akauacha uendelee kuuma.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, hapakuwa na mvua. Mama Turubai alichechemea mpaka bandani, akaangalia magogo, akaipiga hendeli mwenyewe, dole gumba likiwa upande mmoja na wenzake. Ilishika mara ya tatu. Aliiacha injini ichemke, kama Dereva alivyozoea kufanya kila Jumapili, akaweka kiganja juu ya boneti mpaka ikawa ya moto kupita kustahimili, akakiondoa. Kisha akamzima, akapanda nyuma na sindano ya mkono na uzi uliopakwa nta, akaketi kwenye machela ya kulia, akaanza kushona pale turubai lilipofunguka.